Je, Dawa ya Deni ni Kulipa?

Methali inasema dawa ya deni ni kulipa. Tulifundishwa hivyo tangu sekondari, na katika mtihani hakuna aliyethubutu kuipinga. Katika insha hii nataka kuipinga kidogo. Sisemi kwamba watu wasilipe madeni yao. Ninasema kuna madeni ambayo mtu huyalipa kila mwezi, kwa uaminifu, bila kukosa hata mara moja, na deni likabaki palepale. Mgonjwa anayemeza dawa mwaka mzima na homa isishuke ana haki ya kuuliza amepewa nini.

Deni ninalolizungumzia ni mkopo wa mshahara, ule wa kuchukua leo na kurudisha mshahara ukiingia. Watanzania wameipa mikopo ya namna hii jina lisilohitaji maelezo: kausha damu. Wakenya humwita mkopeshaji wake shailoki, jina ambalo nitalirudia baadaye. Kwetu Uganda, anayeifahamu vizuri ni mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara wake serikalini ni kama shilingi laki tano kwa mwezi. Mwaka 2022, serikali ilipowapandishia walimu wa sayansi wa sekondari wenye shahada hadi milioni nne, yeye hakuwamo. Hata hivyo ana kitu ambacho mkulima na mwendesha bodaboda hawana, yaani fedha inayoingia benki kila mwezi, iwe mvua au jua. Mbele ya mkopeshaji, mwalimu ni ng'ombe wa maziwa. Kinachohitajika ni kamba tu, na kamba yenyewe ni kadi ya ATM.

Namna kamba hiyo inavyofungwa nimeiona kwa shangazi yangu, ambaye ni mwalimu, na ameniruhusu kueleza. Alikopa shilingi 300,000 mwezi wa Februari ili mtoto wake aanze sekondari. Riba ilikuwa asilimia 20 kwa mwezi. Aliacha kadi yake na namba ya siri kwa mkopeshaji. Mshahara ulipoingia, mkopeshaji aliutoa mwenyewe kwenye mashine, akakata 360,000 zake, akambakizia shangazi 140,000. Nani ataishi na watoto watatu kwa fedha hiyo mwezi mzima? Kwa hiyo alasiri ileile, mezani palepale, alikopa tena 300,000, akatia sahihi, akaenda nyumbani na 440,000.

Msomaji aitazame hesabu hiyo polepole. Hakuna fedha mpya iliyotoka mfukoni mwa mkopeshaji siku ile. Alichomkopesha shangazi ni mshahara wa shangazi. Na kwa huduma hiyo ya kukabidhiwa jasho lake mwenyewe, shangazi alilipa 60,000 kila mwezi, kwa miezi 14. Jumla ni 840,000, na mwishoni alikuwa bado anadaiwa 300,000 zilezile. Tukifuata daftari, hata hivyo, alikuwa mteja wa kupigiwa mfano. Kila mwezi deni la zamani lilifutwa lote kwa mstari mwekundu na jipya likaandikwa chini yake. Yaani alikunywa ile dawa ya methali mara kumi na nne.

Wanafunzi wa falsafa watakuwa wamekumbuka mfano wa Immanuel Kant. Katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, anamfikiria mtu mwenye dhiki anayetaka kukopa fedha. Mtu huyo anajua hataweza kulipa, lakini anajua pia kwamba asipoahidi kulipa hatapewa kitu. Je, aahidi? Kant anajibu hapana. Kila mwenye dhiki akiahidi hivyo, ahadi itapoteza maana, na hakuna atakayeisadiki tena. Mimi naikubali hoja hiyo. Mtu akikopa huku amekusudia kutolipa, amesema uongo, na shida zake haziugeuzi uongo ule kuwa ukweli.

Lakini katika mfano huo mtuhumiwa ni mmoja tu, yaani mwenye dhiki. Anayetoa fedha amekaa kimya upande wa pili wa meza na hakuna anayemuuliza lolote. Sasa na tumuulize. Bwana, umesema huu ni mkopo wa mwezi mmoja. Unaujua mshahara wa mteja wako, kwa kuwa wewe ndiye unayeutoa benki. Unajua kwamba ukikata 360,000 hataweza kuishi. Uliposema "mwezi mmoja", uliamini?

Nadhani hakuamini. Na si yeye peke yake. Nchini Marekani, ambako mikopo ya kusubiri mshahara ni biashara kubwa yenye maduka barabarani, shirika la serikali linalolinda watumiaji wa huduma za fedha lilichapisha uchunguzi wake mwaka 2014. Lilikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mikopo hiyo iliongezewa muda, au ilifuatwa na mkopo mwingine, ndani ya siku 14. Basi ikiwa mikopo minne kati ya mitano huishia hivyo, kurudi kwa wateja hakuwezi kuitwa bahati mbaya ya mteja huyu au yule. Hiyo ndiyo biashara yenyewe. Neno "muda mfupi" kwenye karatasi linafanya kazi ileile iliyofanywa na ahadi ya yule mwenye dhiki wa Kant: linasemwa ili mkataba upite, na anayelisema anajua halitatimia.

Hapa ndipo namrudia Shailoki. Wengi wetu tulikutana naye kwa Kiswahili, katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969. (Jina lenyewe limewadhulumu Wayahudi kwa karne nyingi, na ingefaa tuache kulitumia kama tusi. Ila nahitaji tamthilia.) Shailoki hataki kulipwa. Anataka mdeni ashindwe ili achukue ratili yake ya nyama, na hata fedha ikiletwa maradufu anaikataa. Mkopeshaji wa mshahara ni tofauti naye kabisa. Hataki mdeni ashindwe, maana atapoteza fedha yake. Wala hataki amalize, maana atapoteza mteja. Anataka mdeni abaki katikati. Shailoki angalau alikuwa na tarehe ya mwisho.

Rafiki yangu mmoja anayesoma sheria aliposikia hoja hii alinikatiza. Shangazi yako ni mtu mzima, alisema, ana cheti cha ualimu, alisoma karatasi, akatia sahihi. Tukisema hakuridhia, tumemgeuza mtoto. Ni pingamizi zito na sitaki kulipita kwa mbio. Mara ya kwanza aliridhia, nakubali. Tena alisaidiwa. Chama cha kuweka na kukopa cha walimu kilimwambia asubiri zamu yake hadi Aprili, na shule haimsubiri mtoto hadi Aprili. Mkopeshaji alimpa fedha kwa nusu saa bila kumuuliza maswali. Ni mtu wa pale pale senta, akitokea msiba anatoa mchango kama wengine. Kumwita mwizi kwa mkopo ule wa kwanza ningeona haya.

Mara ya pili ndiyo inayonitatiza, na ya tatu, na ya kumi na nne. Mtu ameushika mshahara wako mkononi, wewe una 140,000, kisha anakuuliza kama ungependa kukopa. Swali lenye jibu moja tu si swali. Ridhaa inahitaji angalau mlango wa pili, hata kama ni mwembamba.

Walimu wengine wameutafuta mlango huo kwa njia yao. Mwenzake shangazi alikwenda polisi akasema kadi yake imepotea. Akaandikiwa barua, akaipeleka benki, akapata kadi mpya na namba mpya. Mkopeshaji akabaki na kipande cha plastiki. Katika chumba cha walimu mjadala ulikuwa mkali. Kuna waliosema amefanya vema kwa kuwa riba aliyokwisha kulipa ilizidi deni. Kuna waliosema ameiba.

Mimi siamini kwamba aliiba kadi. Kadi ni yake kwa matumizi yake, na kila benki humkataza mteja kumpa mtu mwingine namba ya siri. Mkopeshaji hakuwa na haki ya kuishika hata siku moja. Kinachonisumbua ni neno "imepotea". Kwa nini hakwenda moja kwa moja benki akasema, kadi yangu iko kwa mtu fulani, nataka nyingine? Angeipata. Niliuliza swali hilo nyumbani, na shangazi alinitazama kama mtu aliyeulizwa na mtoto kwa nini maji ni maji. "Mwanangu," alisema, "ungetaka karani wa benki ajue? Baba yake ni mzazi shuleni kwetu."

Tangu jibu lile nimeona kwamba rehani halisi ya mikopo hii ni aibu, na kadi ni alama yake tu. Mwalimu anatazamiwa kuwa mtu aliyefika. Ndugu wanamletea watoto wa kulea, kanisa linamwandika juu kwenye orodha ya michango. Akisema "ninadaiwa", anaangusha zaidi ya jina lake. Wakopeshaji wa kwenye simu wameielewa rehani hiyo vizuri kabisa, ndiyo maana baadhi yao huwatumia ujumbe watu walio kwenye orodha ya simu ya mdaiwa. Kenya ilipopitisha sheria mwaka 2021 ya kuwaweka wakopeshaji wa kidijitali chini ya Benki Kuu, malalamiko ya kuaibishwa yalikuwa miongoni mwa sababu. Na uongo wa polisi, ingawa ulimtoa yule mwalimu kifungoni, uliiacha aibu mahali pake. Aliponyoka peke yake, kimya, na mkopeshaji akaendelea na wengine.

Shangazi alitoka kwa njia nyingine, na haikuwa ya kishujaa. Alimwambia mama yangu. Mama akamwambia mjomba mkubwa, jambo ambalo shangazi hakuliomba na lililomkasirisha kwa wiki nzima. Hatimaye wakaenda watatu kwa mwenyekiti wa kijiji, yule wa LC1, na mwenyekiti akamwita mkopeshaji. Kikao kilifanyika nje, chini ya mwembe, na wapita njia walisikia. Mkopeshaji alileta daftari. Mwenyekiti, ambaye hakusoma sana lakini ameuza kahawa maisha yake yote, aliuliza jambo moja: mama huyu amekupa shilingi ngapi mpaka leo? Palikuwa na kimya kirefu.

Hakuna aliyesema deni lifutwe, na hata shangazi hakulitaka hilo. Alisema 300,000 alizipokea na atazirudisha. Makubaliano yaliandikwa: atarudisha 60,000 kila mwezi kwa miezi mitano bila riba, na kadi irudi siku ileile. Hizo ndizo 60,000 alizokuwa akitoa tangu mwanzo. Hakuhitaji kupandishiwa mshahara, wala kuuza mbuzi, wala kujinyima zaidi ya alivyokuwa akijinyima. Fedha ileile iliyokuwa ikiitwa riba sasa iliitwa deni, na miezi mitano ikaimaliza. Kilichobadilika ni kwamba watu sita walijua.

Napenda sana tukio hilo na kwa sababu hiyohiyo naliogopa. Ni rahisi mno kwa mwanafunzi aliye mbali kusema aibu ivunjwe, wakati anayeivunja ni mwingine. Shangazi anasema kuna wazazi waliobadilika katika namna ya kumsalimia. Na si kila kijiji kina mwenyekiti wa namna ile; mwingine angekuwa mteja wa mkopeshaji huyohuyo. Hata sheria yetu ya mwaka 2016, inayomtaka kila mkopeshaji awe na leseni, ilianzisha mamlaka ambayo mtu lazima aifikie kwa kulalamika, na kulalamika ni kusema kwa sauti. Tunarudi kwenye mlango uleule.

Siku hizi shangazi yuko katika kikundi cha akiba cha akina mama, wale wenye sanduku la kufuli tatu ambazo funguo zake zinashikwa na watu watatu tofauti. Januari iliyopita aliomba 200,000 za ada. Utaratibu wao ni kwamba mwombaji husimama na kueleza mbele ya wote fedha ni ya nini na itarudi vipi. Alisimama, akaeleza. Mama mmoja akauliza kwa nini mtoto asihamishiwe shule ya karibu iliyo rahisi zaidi, na shangazi alilazimika kujibu hilo pia. Alipata fedha, kwa riba ambayo mwisho wa mwaka hugawiwa wanachama wote, yeye akiwamo. Jirani yake aliyekuwa afuate kwenye zamu hakuomba kitu. Alisema atafikiria, na wiki iliyofuata hakuja kikaoni. Wanasema alionekana senta, kwa yule mwenye daftari.