Ndoo ya Saisi

Mwanangu, nimesikia umepata kazi ya usaisi kule Summerveld. Hongera. Hapa Clairwood farasi hawapo tena; uwanja wao wa mbio uliuzwa mwaka 2012, siku hizi ni maghala na malori. Ila ya mabandani sijayasahau, na leo nataka tuongee juu ya makapi ya viazisukari tunayowalisha farasi, yale yanayobaki kiwandani sukari ikishatolewa.

Kwetu huku KwaZulu-Natal ni nchi ya miwa, si ya viazisukari. Makapi haya asili yake ni nchi za baridi, na desturi ya kuyaloweka usiku kucha ni ya huko huko. Kwa joto la Durban mwezi wa Januari, ndoo uliyoilaza itaamka imechacha. Loweka alfajiri, kivulini, ulishe siku hiyo hiyo. Ikinuka uchachu, mwaga, hata tajiri akinuna.

Makapi yaliyo kama nyuzi, kipimo kimoja kwa vipimo viwili au vitatu vya maji. Vidonge vigumu, vipimo vinne vya maji au zaidi. Usitegemee saa peke yake. Chukua kidonge, kibonyeze kwa vidole: kiini kikiwa bado kikavu, ngoja.

Wapo watakaokuapia kwamba makapi makavu humpasua farasi tumbo. Maneno ya kijiweni hayo. Kinachozibwa ni umio. Utamwona ananyoosha shingo, anakohoa, mate na chakula vinamtoka puani. Hapo wengi hukimbilia kummiminia maji mdomoni, na maji hayo huishia mapafuni. Ondoa chakula na maji, mtulize, mwite daktari wa mifugo upesi.

Farasi mzoeshe makapi kidogo kidogo, kama siku kumi hivi, na mizani ipime makapi makavu, si yaliyokwisha kunywa maji. Nyasi zisikosekane, maana makapi yana kalsiamu nyingi, fosforasi kidogo, na vitamini haba. Mwenye maradhi ya kwato yanayochochewa na sukari, mtafutie yasiyotiwa molasi.

Halafu chakula cha ng'ombe. Kwa kuwa ni rahisi, kuna siku utatumwa ukanunue hicho. Soma gunia kwanza: vingine hutiwa monensini, dawa inayomfaa ng'ombe lakini huharibu moyo wa farasi, na kiasi kidogo tu chaweza kumuua. Ukiliona jina hilo, lirudishe gunia dukani, nao watakaokuuliza kwa nini, waambie wanipigie simu.