Laptop Mpya na Rangi ya Bahari ya Mafia

Unatafuta laptop ya kuhariri picha, na gemu kidogo jioni? RAM ya GB 16 yatosha. Mimi ningebana kwenye kadi ya gemu, hela niiweke kwenye kioo kinachotoa rangi halisi. Maana papa potwe huja Kilindoni kufuata vijidudu vinavyoelea majini, na hivyo ndivyo vinavyoyafanya maji yawe ya kijani. Sasa watu wanayapaka bluu ya postikadi! Wanamfutia samaki chakula chake. Kuongeza mwanga, sawa. Madoa ya ubavuni usiguse: kila potwe ana yake, watafiti humtambua kwa hayo. Na mgeni aliyefuata ile bluu, akikuta kijani, atamlalamikia nahodha wa mashua, si wewe.