Je, Mwovu Ana Haki ya Kutetewa?

Katika mdahalo mmoja wa shule, hapa Eldoret, kijana wa kidato cha tatu alisimama akasema maneno machache yaliyowanyamazisha wapinzani wake. Alisema, "Mwizi ana mikono miwili, wakili amteteaye kwa malipo ni mkono wake wa tatu." Ukumbi ulicheka, ukapiga makofi, na upande wake ukashinda kwa kura nyingi. Mimi nilikuwa mtunza saa tu, sikuwa na ruhusa ya kusema neno. Lakini nilirudi nyumbani na maneno yale, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiyajibu peke yangu, njiani na darasani. Leo nakuomba wewe, msomaji, unisikilize, kisha uamue kama nimeyajibu au la.

Kwanza, tusimdharau kijana yule. Mtu ameibiwa ng'ombe wake wawili, nao ndio waliokuwa karo ya watoto. Mshukiwa amekamatwa. Kisha mtu mwenye elimu, aliyevaa nadhifu, asimama mbele ya hakimu na kutafuta kila njia ili mshukiwa yule aende zake. Mwenye ng'ombe ameketi kiti cha nyuma akimtazama. Machoni pake, ni nani adui mkubwa zaidi? Tena wako mawakili ambao mwenendo wao huzidisha chuki hii. Wamepokea fidia ya mjane, au ya mtu aliyevunjwa mguu na gari, wakaila, na mwenye mali akazungushwa ofisini mwao miaka na miaka. Hao sina neno la kuwatetea. Walakini ubaya wa mfanyakazi ni jambo moja, na ubaya wa kazi ni jambo jingine. Mwalimu mvivu hawezi kuugeuza ualimu kuwa uvivu. Swali letu lamhusu wakili mwaminifu. Yeye akimtetea mtu ambaye kila mmoja ajua kuwa ni mwovu, je, atenda haki au dhuluma?

Hapo pa kusema "kila mmoja ajua" ndipo nitakapo tusimame kidogo, maana nina kisa cha aibu yangu mwenyewe.

Nilipokuwa nikisomea ualimu, fedha za mwenzetu zilipotea bwenini, shilingi elfu nne alizoletewa kutoka nyumbani. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameonekana bwenini saa za masomo. Alikuwa maskini kuliko sisi sote, na alikuwa na madeni. Usiku ule kikakaa kikao. Kila aliyesema alisema juu yake. Hapakuwa na hata mmoja aliyesema kwa ajili yake. Naye mwenyewe, kwa hofu, alijibu kwa kigugumizi, na kigugumizi kile kikahesabiwa kuwa ushahidi. Mimi nilikuwa na swali ulimini: sanduku lilikutwa limefungwa na kufuli haikuvunjwa, basi mwizi alifungua kwa ufunguo gani? Sikuuliza. Niliogopa wasije wakasema kwamba tulikula pamoja. Siku ya tatu mwenzetu alirudishwa kwao. Kabla ya mwezi kwisha, mwenye fedha alizikuta katikati ya kurasa za kitabu chake, alikozificha akasahau. Aliyefukuzwa hakuonekana tena chuoni, wala sijui kama aliupata ualimu mahali pengine.

Wahenga walisema: msema pweke hakosi. Atakosaje, na hali hapana wa kumwuliza? Usiku ule sisi sote tulikuwa tumesema pweke, ingawa tulikuwa watu arobaini. Sikutakiwa nimpende mshtakiwa, wala niamini kwamba hakuiba. Nilitakiwa niulize swali moja tu, na woga ulionizuia ndio ule ule ambao kijana wa mdahalo aliusifu bila kujua: woga wa kuhesabiwa kuwa mkono wa tatu.

Neno lenyewe "wakili" limetujia kutoka Kiarabu, na maana yake ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake. Katika ndoa za pwani mtu aweza kumweka wakili aseme badala yake, na hapana adhaniye kuwa wakili yule ndiye aoaye. Vivyo hivyo mahakamani. Wakili hasemi, "Mimi nashuhudia kwamba mtu huyu ni mwema." Asema, "Ninyi mnaomshtaki, thibitisheni." Mwaka 1990, huko Havana, mkutano wa Umoja wa Mataifa ulikubali kanuni juu ya kazi ya mawakili, na mojawapo yasema kwamba wakili asihesabiwe kuwa sawa na mteja wake, wala na jambo la mteja wake, kwa sababu tu ametimiza kazi yake.

Mpaka wa kazi hiyo upo, nao ni mkali. Mteja akimwambia wakili wake kwa kinywa chake kwamba alitenda kosa, wakili hawezi kumpandisha kizimbani aape uongo, wala kuleta hati ya kughushi. Aweza kuupima ushahidi wa mashtaka. Hawezi kuidanganya mahakama. Mwaka 2023, mawakili wawili wa New York walipatikana wamepeleka mahakamani hoja zilizotaja kesi ambazo hazikupata kuwako duniani, zilizobuniwa na programu ya kompyuta, na jaji akatoza faini ya dola 5,000. Hawakuadhibiwa kwa kumtetea mteja wao. Waliadhibiwa kwa kusema jambo lisilokuwako na kulishikilia hata baada ya kuulizwa.

Sasa twende safari fupi. Ukitoka Eldoret ukashika barabara ya Kitale, katikati ya mashamba ya mahindi, ukazidi kwenda kaskazini, utafika Kapenguria. Huko, mwishoni mwa mwaka 1952, Jomo Kenyatta na wenzake watano, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko, walishtakiwa kwamba waliongoza Mau Mau. Palichaguliwa Kapenguria kwa kuwa palikuwa mbali na watu. Kesi ilisikilizwa katika jengo la shule, na mawakili walikaa Kitale wakaenda na kurudi kila siku. Hawakuwa wa kabila moja wala wa nchi moja: D. N. Pritt wa Uingereza, Dudley Thompson wa Jamaica, H. O. Davies wa Nigeria, Chaman Lall wa India, na wa hapa kwetu Fitz de Souza, Achhroo Kapila na Jaswant Singh. Kwa walowezi wengi mambo yalikuwa yamekwisha kujulikana. Kesi ilikuwa desturi tu ya kutimiza. Pritt mwenyewe alishtakiwa kwa kuidharau mahakama, kwa ajili ya simu ya maandishi aliyowapelekea wabunge wa London akilalamikia mwendo wa kesi. Aliachiliwa, akarudi kazini.

Tarehe 8 Aprili 1953 washtakiwa wote sita walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Kwa hiyo, msomaji, mawakili wale walishindwa. Lakini maswali waliyowauliza mashahidi, na majibu waliyopewa, yaliandikwa yakabaki. Mwaka 1958, Rawson Macharia, shahidi mkubwa wa mashtaka, aliapa kwa maandishi kwamba alisema uongo Kapenguria, na kwamba aliahidiwa masomo Uingereza. Serikali ya kikoloni ilimfunga kwa kiapo hicho cha pili. Kwa kile cha kwanza haikumgusa. Baadaye ikajulikana pia kwamba hakimu, Ransley Thacker, alilipwa na serikali pauni 20,000. Yule ambaye "kila mmoja alijua" kuwa mwovu ndiye aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Kenya.

Najua kijana wa mdahalo angenijibu nini. Angesema, "Mwalimu, umechagua mfano mwepesi. Hao walikuwa mashujaa. Tuambie juu ya uovu wenyewe."

Haya, nisikimbie lililo karibu. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, kanisa lililojaa watu waliokimbia vita vya baada ya uchaguzi lilitiwa moto. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Ukipenda kujua maana ya neno uovu, huna haja ya kwenda mbali. Watu wanne walishtakiwa katika Mahakama Kuu ya Nakuru, na mwezi wa Aprili 2009, Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa nchi, aliwaachilia. Ushahidi haukutosha kuonyesha kwamba hao ndio waliotenda, na jaji aliulaumu uchunguzi wa polisi kuwa ulifanywa vibaya.

Wako waliolia siku ile, nami siwezi kuwaambia wasilie. Sitakuambia kwamba haki ilitendeka Kiambaa, haikutendeka. Lakini tafuta ilikopotelea. Ilipotelea katika uchunguzi uliofanywa kwa uzembe. Mawakili waliouliza maswali hawakulitoboa gunia. Walionyesha tu kwamba lilikuwa limetoboka. Kama wanne wale wangefungwa kwa ushahidi ule, je, waliokufa wangekuwa wamelipiwa? Tungekuwa tumepata majina manne ya kutaja, tukalala usingizi, na waliowasha moto wangelala pia.

Nina mfano mmoja zaidi, nao ndio ulionishinda nguvu kuliko yote. Tarehe 23 Juni 2016, wakili kijana aitwaye Willie Kimani alitoka katika mahakama ya Mavoko pamoja na mteja wake, Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda aliyelalamika kwamba alipigwa risasi na polisi bila kosa. Dereva wao wa teksi alikuwa Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Baada ya siku chache miili ya wote watatu ilitolewa mtoni, karibu na Ol Donyo Sabuk. Mawakili nchini waliacha kwenda mahakamani, wakaandamana barabarani, maana walifahamu kwamba aliyeuawa hakuwa na ugomvi wake mwenyewe na mtu yeyote. Aliuawa kwa kusimama kando ya mtu mnyonge. Mambo kama hayo si ya Kenya peke yake. Kila tarehe 24 Januari, katika nchi nyingi, hukumbukwa mawakili walio hatarini, na siku hiyo ilichaguliwa kwa sababu ya watu waliouawa kwa risasi katika ofisi ya mawakili huko Madrid mwaka 1977.

Sikiliza sasa. Watu watano, wanne kati yao maofisa wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji yale, nao walitetewa na mawakili. Watu wa kazi ile ile ya Willie Kimani walivaa majoho yao, wakasimama mbele ya Jaji Jessie Lessit, wakawahoji mashahidi kwa niaba ya walioshtakiwa kumwua mwenzao. Kesi ilichukua miaka sita. Mwezi wa Julai 2022 wanne walionekana na hatia, na mwezi wa Februari 2023 wakahukumiwa, mmoja kifo na wengine vifungo virefu. Wa tano aliachiliwa. Mfikirie huyo wa tano. Kama mawakili wangesema, "Hawa tusiwaguse, wamemwua ndugu yetu," angeweza kuhukumiwa pamoja na wenziwe kwa sababu ya hasira yetu tu. Na wale wanne hukumu yao ina uzito kwa kuwa kila neno lililosemwa juu yao lilipata wa kulipinga, na lililosimama likasimama.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana yule ni kwamba ndiyo, mwovu ana haki ya kutetewa. Kwa maana kabla hajatetewa hatujui bado kama ndiye mwovu, twadhani tu. Lakini nakiri kwamba jibu hili lina deni. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, yampa mshtakiwa haki ya kuwa na wakili, na yasema kwamba serikali itamwekea wakili pale ambapo pasipo hivyo dhuluma kubwa ingetokea. Mwaka 2016 ikapitishwa Sheria ya Msaada wa Kisheria. Hata hivyo sheria iliyo kitabuni na wakili aliye kando yako ni vitu viwili. Tajiri aliyekula mamilioni aweza kufika na mawakili sita. Mtu aliyeiba kuku aweza kusimama peke yake, asielewe hata swali aliloulizwa. Kama kijana wa mdahalo angelalamikia hilo, ningeitupa saa yangu nikapiga makofi pamoja na ukumbi.

Kesi katika mahakama ya hapa Eldoret husikilizwa hadharani, isipokuwa chache zinazofungwa kwa sababu maalumu, na raia yeyote aliye nadhifu na mtulivu aweza kuingia na kuketi. Likizo itakapofika, nenda asubuhi moja ukae kiti cha nyuma. Tazama kizimbani, uhesabu ni wangapi wamesimama bila mtu kando yao. Kisha sikiliza ushahidi unaotolewa juu ya mmoja wao, na uone kama litakujia ulimini swali ambalo hakuna aliyeliuliza.