Kiwanda Hakina Sitara Mtoni

Maalim aliyenisomesha Kurani pale Kibiti aliniuliza swali ambalo chuoni hakuna mkufunzi aliyewahi kuniuliza. Alikuwa amesikia kwamba kazi yangu ni kuchota maji kwenye mifereji ya viwanda na kuyapeleka maabara. "Mwanangu," akasema, "Mola ametukataza kupelelezana, iko wazi katika Suratul Hujurat. Sasa wewe unayezunguka nyua za watu ukitafuta uchafu wao, siku ya hesabu utajibu nini?"

Lilikuwa swali la haki. Huku Pwani kumsitiri mwenzako ni ibada. Mtu akiteleza, jirani hufunika. Kiwanda nacho kimeajiri vijana wetu, na Ramadhani huleta tende msikitini. Mfereji wake ukianza kunuka, maneno ya barazani huwa ni hayo hayo: tumsitiri mwenye kiwanda, asije akafungiwa, watoto wakakosa riziki. Mkaguzi akitokea na chupa zake huonekana mchimbuaji wa aibu.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na naamini jibu limo katika fikihi yenyewe. Al-Mawardi, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058, aliandika kwa kirefu juu ya muhtasib, yule mkaguzi wa masoko na mambo ya umma. Alimkataza kufukunyua yaliyofichwa majumbani mwa watu. Kisha akaacha mwanya: panapohofiwa madhara ambayo yakishatokea hayarekebishiki, kama mtu kuuawa, hapo kuchunguza kunaruhusiwa. Mimi nauingiza Mto Rufiji katika mwanya huo. Kambamiti wakifa wangali wachanga kwenye mizizi ya mikoko, hakuna faini itakayowarudisha msimu ule.

Na hata bila mwanya huo, maji yakishavuka uzio si siri ya mtu tena. Dhambi iliyo baina ya mja na nafsi yake ina sitara. Maji ya Rufiji yanaogwa, yanapikiwa, yanavuliwa. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaingiza mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa, watu waione. Hakulaumiwa kwa mvua, wala hakuna aliyemfuata nyumbani kwake. Kosa lake lilikuwa kuficha kitu ambacho wengine wangekula.

Kuingiza mkono ndani ya lundo kuna ufundi wake. Chupa nasuuza mara tatu kwa maji yaleyale. Nasimama nikielekea mkondo unakotoka, tope la miguu yangu lisiingie. Naizamisha taratibu na kuifunga ikiwa bado chini ya maji, kisibaki hata kiputo cha hewa, kisha naiweka kwenye kasha la barafu. Maabara chupa hukaa gizani siku 5 katika nyuzi 20, ndipo tunapima oksijeni iliyoliwa na vijidudu vinavyotafuna uchafu. Kanuni zetu za viwango vya maji za mwaka 2007 zinaishia miligramu 30 kwa lita. Ikizidi hapo, kiwanda kinamwaga kisichoruhusiwa.

Lakini delta ya Rufiji ina jambo moja ambalo fomu haiulizi: bahari iko wapi saa hiyo. Bamvua likijaa, maji ya chumvi hupanda vijito hadi ndani kabisa na uchafu wote huzimuliwa. Maji yakipwa, namba inapanda. Chupa zote mbili ni za kweli, fomu zote mbili zitasainiwa. Msimamizi wa kiwanda kimoja aliwahi kunialika, kwa adabu na chai, nije saa kumi jioni. Mwezi ulikuwa mpevu, na huku kwetu mwezi mpevu saa kumi maji yamejaa pomoni. Nikaomba saa nne asubuhi. Hakuna kifungu kilichonilazimisha. Hapo ndipo ninapoelewa ihsani, kufanya kazi kana kwamba unamwona Mola, maana sheria haijafika kwenye kuchagua saa.

Watu wa delta wana sababu ya kutoiamini karatasi. Miaka ya 1990 kampuni ya African Fishing Company, ya Reginald Nolan, ilitaka kuchimba huku mabwawa ya kufugia kambamiti ya maelfu ya hekta. Baraza la mazingira, NEMC, lilishauri mradi ukataliwe. Mwaka 1997 serikali iliuridhia. Chini ya sheria ya 1983 Baraza lilikuwa la kushauri tu. Wanavijiji wengi walikataa, wakaenda mahakamani wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira wa LEAT, na mabwawa yale hayakujengwa. Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: mradi mkubwa hauanzi bila cheti cha mazingira, na cheti kina masharti ya kufuatwa mwaka hadi mwaka.

Cheti hicho mimi nakiita amana. Mto si wa kiwanda wala si wa ofisi, wamekabidhiwa tu. Mwenye amana hupewa hesabu, na hapa ndipo sikubaliani na utaratibu wetu. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, huenda kwa mwenye mradi na kwa Baraza, na mvuvi wa Nyamisati au Mbwera haisikii namba hata moja. Machi 2022 maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi na samaki wakafa, kamati ya serikali ilisema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wengi hawakuamini. Sisemi kamati ilikosea. Ila mtu ambaye hajawahi kusomewa kipimo siku za salama, kwa nini akipokee siku ya msiba?

Maalim aliniuliza tena: "Na anayekulipa ni nani?" Nikamwambia ni mwenye mradi. "Kadhi atampokea shahidi anayelipwa na mdaiwa?" Nilimjibu kwamba wataalamu wa mazingira husajiliwa, na wakidanganya wanafutwa. Ni jibu la kweli, na halitoshi.

Ningependa fedha hiyo ipitie Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, bodi ndiyo imteue mpimaji, na saa ya kuchota ifuate mwezi badala ya barua ya mwaliko. Kamati za mazingira za vijiji zimo katika sheria ile ya 2004. Zipewe nakala kwa Kiswahili na majibu yasomwe mkutanoni, mwenye kiwanda akiwepo. Mzee aliyetega kambamiti maisha yake yote hahitaji digrii kuelewa miligramu 30. Aelezwe mara moja tu, na akisikia 210 atanyoosha mkono aulize, na mwenye kiwanda atakuwa amekaa mbele yake.