Pointi Nne za Brent

Katika NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni huko Amerika Kaskazini, kila bao na kila pasi ya bao huhesabiwa pointi moja. Wayne Gretzky wa Kanada alistaafu mwaka 1999 akiwa na pointi 2,857, nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote. Mdogo wake, Brent, alicheza mechi 13 tu akiwa na Tampa Bay Lightning. Alipata bao 1 na pasi 3. Jumla yao ni pointi 2,861, na hakuna ndugu wawili wengine walioifikia. Watu huitaja rekodi hiyo kwa kicheko.

Je, zile pointi nne ni mzaha? Kulinganisha kuna mahali pake. Kocha hulinganisha anapochagua kikosi, wala hamdhulumu anayeachwa. Kosa huanza pale kipimo cha uwanjani kinapofanywa kipimo cha mtu. Wachezaji wengi hodari hawakupata kucheza hata mechi moja katika ligi ile. Kama Brent angekuwa na jina jingine la ukoo, mechi 13 zingekuwa fahari. Kazi yake ingekuwa ile ile. Kilichoipunguza ni mtu aliyesimamishwa kando yake.

Baadaye Brent alikuwa askari polisi katika jimbo la Ontario. Anayehitaji msaada wa polisi usiku haulizi kaka yake alifunga mabao mangapi.

Jadilini: Ni nani kati yenu anayejulikana tu kama “ndugu yake fulani”? Ni jema gani alilotenda ambalo bado halijatajwa kwa jina lake mwenyewe?