Mwaliko na Zamu: Swali la Kimaadili kuhusu Sanaa ya Barabarani katikati mwa Nairobi

Utangulizi

Katika miji mingi ya dunia umezuka mtindo wa kuitengea sanaa siku moja ya mwezi katikati mwa mji. Oakland na Phoenix, nchini Marekani, zina Ijumaa ya kwanza ya mwezi, ambapo watu hutembea mtaa hadi mtaa wakitazama michoro na kusikiliza muziki. Kigali ilianza mwaka wa 2016 kuyafungia magari baadhi ya barabara zake asubuhi moja ya mwezi, ingawa huko kilichotangulizwa ni mazoezi ya viungo. Nairobi nayo imekuwa na siku zake. Kwa miaka kadhaa, Jumanne ya kwanza ya mwezi ilikuwa siku ya washairi wa Kwani? katika klabu moja ya Mtaa wa Kaunda. Kuanzia 2006, British Council iliandaa kila mwezi tamasha la vijana lililoitwa WAPI. Jina hilo lilikuwa kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "maneno na picha", lakini kwa sikio la msemaji wa Kiswahili lilikuwa swali.

Husemwa kwamba siku kama hizi huiheshimu sanaa ya wenyeji. Makala hii inakusudia kulichunguza dai hilo. Anayeitoa siku moja anaitoa kwa mamlaka gani? Na fanani anayepewa siku hiyo, anapewa kitu gani ambacho hakuwa nacho? Itadaiwa hapa kwamba kuna njia mbili za kuiweka sanaa barabarani, nazo hutofautiana kimaadili hata pale ambapo kwa macho hufanana. Njia ya kwanza ni mwaliko, na ya pili ni zamu. Mwaliko una mwenye nyumba na mgeni. Zamu ina wenzi watupu.

Mji usio na mwenyeji

Neno "wenyeji" lina utata mkubwa linapotumiwa kuhusu kitovu cha Nairobi. Mji huu ulianza mwaka wa 1899 kama kituo cha reli, katika nyanda ambazo Wamaasai walilishia mifugo. Utawala wa kikoloni ulimkubali Mwafrika mjini kama kibarua, wala si kama mkaazi. Na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ulimvika kipande shingoni ili ijulikane ametoka wapi na anamtumikia nani. Kipande kiliondolewa, lakini hata uhuru haukukigeuza kitovu cha mji kuwa makao ya watu. Hadi leo mahali hapo pana ofisi, maduka, benki na mahakama kuliko nyumba. Usiku unapoingia, umati ulioijaza Moi Avenue hupanda magari na kurudi Kayole, Rongai, Kangemi na Uthiru.

Uthiru ni mfano unaofaa kutuliwa. Uko magharibi, zaidi ya kilomita 10 kutoka katikati mwa jiji, kando ya Waiyaki Way, mahali ambapo Kaunti ya Nairobi inapakana na ile ya Kiambu. Mkaazi wake husema anakwenda "tao", kana kwamba alipo si mjini. Hata hivyo, sanaa haikosekani hapo alipo. Ipo katika mabango ya vinyozi yaliyochorwa kwa mkono, katika kwaya zinazofanya mazoezi Jumamosi alasiri, katika nyimbo za matanga na za ruracio, na katika Sheng ya makondakta ambao kila safari huwa na maneno yao. Ajabu ni kwamba mengi ya hayo hayaitwi sanaa mpaka yavuke Westlands. Bango la kinyozi ni biashara likiwa Uthiru. Likining'inizwa mjini siku ya tamasha, huwa "utamaduni wa wenyeji". Kitu hakijabadilika, ila aliyekipa jina amebadilika.

Mfano ulio wazi zaidi ni matatu. Kanuni za uchukuzi zilizoanza kutekelezwa mwaka wa 2004, wakati wa Waziri John Michuki, zililazimisha mstari wa manjano na kuzifuta picha zilizopamba magari hayo. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitamka kwamba vijana waachwe wayachore. Mwaka wa 2018, kanuni za Michuki zilipofufuliwa, picha hizo zilirudi mashakani. Picha ile ile imekuwa kosa, kisha utamaduni, kisha kosa, bila rangi yake kubadilika hata kidogo. Huu ndio udhaifu wa kimaadili wa kitu kilichotolewa kwa hisani: kinaweza kurudishwa kwa njia ile ile kilikotoka.

Historia ya siku zilizotolewa

Historia ya fasihi ya Kenya inaonyesha kwamba ugomvi kuhusu jukwaa mara nyingi umekuwa ugomvi kuhusu siku. Mwaka wa 1976 tamthilia mbili, The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, zilitayarishwa kwa ajili ya kuiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC lililofanyika Lagos mwaka wa 1977. Watayarishaji walipoomba nafasi katika Ukumbi wa Taifa, uliofunguliwa wakati wa ukoloni mwaka wa 1952, walipewa siku chache tu, kwa kuwa kalenda ilikuwa imekwisha kutengewa maonyesho ya kigeni. Hakuna aliyewanyima ukumbi. Walichopimiwa ni siku. Ngũgĩ amesimulia baadaye jinsi hadhira ilivyoungana na waigizaji katika wimbo wa mwisho na kumiminika nje kuelekea Hoteli ya Norfolk, iliyo mkabala na ukumbi huo. Walionyimwa siku za ndani walijitwalia barabara kwa dakika chache.

Mwaka uliofuata, sanaa ilihama mji kabisa. Barabara inayopita Uthiru huendelea mpaka Limuru, na huko, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, wakulima na wafanyakazi walijijengea jukwaa la wazi. Oktoba 1977 waliigiza Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Novemba mwaka huo huo leseni ilifutwa. Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Na mwaka wa 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Wanakijiji walikuwa na uwanja wao, mbao zao, lugha yao na hadhira yao. Walichokosa ni siku iliyo mali yao. Leseni ni mwaliko wa dola, na mwenye kualika alipochukizwa na maneno ya mgeni, aliufunga mlango wa nyumba ambayo hakuijenga.

Itafaa ikumbukwe kwamba tofauti kati ya tukio la Kamĩrĩĩthũ na tamasha la siku hizi ni kubwa. Hakuna anayepelekwa kizuizini kwa kusoma shairi Mtaa wa Kaunda, na Katiba ya 2010 imetamka katika Ibara ya 33 kwamba uhuru wa kujieleza unajumuisha uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Lakini hapo ndipo swali linapokuwa kali zaidi. Ikiwa ubunifu ni haki, basi siku ya tamasha haiwezi kuwa zawadi, kwa sababu mtu hapewi zawadi ya mali yake. Sheria ndogo za jiji za 2007 kuhusu kero za hadharani ziliuhesabu ukelele wa kuvutia watu barabarani kuwa kosa. Kwa hiyo fanani yule yule, kwa sauti ile ile, anaweza kuwa mkosaji Jumatatu na fahari ya jiji siku ya tamasha. Kinachomtenganisha na askari wa kaunti ni tarehe.

Hadhira ya njiani

Pengine itaulizwa kwa nini barabara yenyewe iwe na maana kubwa hivyo, ilhali kumbi zipo. Jibu limo katika uhusiano wa fanani na hadhira, ambao wahakiki wa fasihi simulizi wameuhesabu kuwa nusu ya utungo. Aliyelipa kiingilio ameshafunga mkataba: atakaa, atapiga makofi, na akichoka atavumilia kwa sababu ya fedha zake. Mpita njia hana mkataba. Hadhira ya barabarani hukosoa kwa miguu.

Mfano wake umekuwako kwa muda mrefu katika bustani ya Jeevanjee, ardhi ambayo mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa wakaazi wa Nairobi mwaka wa 1906. Wakati wa mapumziko ya mchana, wahubiri, wachekeshaji na wabishi wa Bunge la Mwananchi wamekuwa wakisimama humo bila jukwaa na bila ratiba iliyochapishwa. Mchekeshaji asiyechekesha hubaki peke yake kabla hajamaliza kisa cha pili. Anayeweza huona duara likizidi kupanuka, na karani aliyetoka kununua chakula akasahau njaa yake. Hakuna ruzuku wala tangazo linaloweza kumpa msanii hukumu ya haraka na ya haki kama hiyo. Mwaka wa 1991, ulipozuka mpango wa kujenga maegesho ya magari katika bustani hiyo, Zarina Patel, mjukuu wa aliyeitoa, aliongoza upinzani na mpango ukashindwa. Kilichookolewa kilikuwa zaidi ya nyasi na miti: kilikuwa mahali ambapo fanani hahitaji kualikwa.

Tamasha la mwezi, kwa upande mwingine, humleta mtazamaji ambaye amekwisha kuambiwa kwamba atakachokiona ni utamaduni, na kwamba wajibu wake ni kuusherehekea. Sherehe ina uzuri wake, lakini ni adui wa uhakiki. Mshairi dhaifu na mshairi hodari hupokea makofi yale yale, kwa kuwa makofi hayo hayakukusudiwa wao, bali siku yenyewe.

Pingamizi

Hoja hii ina pingamizi zito lisilofaa kupuuzwa. Barabara iliyo wazi kila siku kwa kila mtu haiwi ya kila mtu. Huwa ya mwenye kipaza sauti kikubwa. Mwenye duka naye ana haki ya kusikizana na mteja wake, na mgonjwa ana haki ya kupitishwa. Isitoshe, utamaduni wenyewe haujapata kuishi bila kalenda. Katika miji ya Waswahili, Mombasa na Lamu, ngoma ya beni iliyofanyiwa utafiti na Terence Ranger katika kitabu chake cha 1975 ilikuwa na vyama, vyeo, na nyakati za kushindana. Maulidi ina mwezi wake, na jando lina msimu wake. Siku iliyotengwa huwafanya watu wajiandae, na matayarisho ni sehemu ya sanaa.

Pingamizi hili ni la kweli, na linapaswa kukubaliwa lote. Lakini likitazamwa vizuri halitetei mwaliko. Beni haikungoja mtu wa nje aitengee siku ili aonekane mpenda utamaduni. Mitaa yenyewe ilishindana, na aliyeshindwa leo alijua siku ya kulipiza itafika. Kinachotetewa na pingamizi ni mpaka, na zamu nayo ina mipaka. Tofauti ni kwamba mpaka wa zamu huwekwa na wale wanaoufuata.

Zamu

Zamu si dhana ngeni kwa mkaazi wa Uthiru. Ndiyo msingi wa chama, ule ushirika wa akiba ambao wanawake wengi wa Kenya wameutegemea. Kila mwezi wanachama hukutana nyumbani kwa mmoja wao. Kila mmoja hutoa, na mmoja hupokea. Anayepokea hatoi shukrani za mfadhiliwa, kwa sababu mwezi uliopita alikuwa miongoni mwa watoaji. Mkutano nao huhama: aliye mgeni leo atakuwa mwenyeji kesho. Ndipo methali ya "mgeni njoo, mwenyeji apone" inapopata maana kamili, kwani kila mmoja atashika nafasi zote mbili.

Soko la Wamaasai limeufuata mwendo unaokaribiana na huo. Wauza shanga, vinyago na vikapu wamekuwa wakihama kwa siku za juma kutoka eneo moja la Nairobi hadi jingine, na mwisho wa juma wengi wao wamejulikana kwa kutandaza bidhaa katika maegesho ya magari karibu na mahakama katikati mwa jiji. Soko hilo lina migogoro yake, lakini halina mgeni wa heshima. Siku yake inajulikana na muuzaji na mnunuzi bila bango.

Kwa kipimo hiki, siku za Kwani? na WAPI zinaweza kutathminiwa kwa haki. Ziliwapa washairi na wachoraji wengi vijana hadhira yao ya kwanza, na ziliipa Sheng nafasi ambayo madarasa yaliinyima. Huo ni mchango usiokanika. Lakini klabu ilikuwa ya mwenyewe, na uwanja wa taasisi ya kigeni ulikuwa wa taasisi hiyo. Aliyekuja kutoka Uthiru alikuja kama mgeni, akahesabu nauli, akaondoka mapema ili asikose gari la kurudi. Mwezi uliofuata tamasha halikwenda kwake.

Hitimisho

Imedaiwa katika makala hii kwamba siku moja ya mwezi si chache mno wala si nyingi mno. Idadi ya siku siyo kiini cha swali. Siku moja inayoshikwa kwa zamu ina uadilifu kuliko siku thelathini za hisani. Tamasha linalotaka kuiheshimu sanaa ya wenyeji halina budi kutimiza masharti mawili: wasanii wawe ndio washika kalenda, na mahali pawe panahama, leo Mtaa wa Kaunda, mwezi ujao uwanja wa Uthiru, ili mkaazi wa kitongoji naye apate taabu na heshima ya kupokea wageni kutoka mjini. Sharti hili la pili lina gharama, kwa kuwa litamlazimu mpenda sanaa wa mjini kupanda matatu jioni kuelekea magharibi, atazame kazi asiyoambiwa mapema kuwa ni utamaduni, na aamue mwenyewe kama atasimama au atapita.