Ngozi ya Simba Haina Kosa

Wiki hii kijiweni hapa Mtunda, jamaa mmoja alituonesha video kwenye simu yake. Ukumbi umefurika watu wazima waliovaa mavazi ya mbweha, mbwa na chui, manyoya kuanzia utosini hadi miguuni, wanakumbatiana na kupigana picha. Kijiwe kizima kikaangua kicheko. "Hawa wamelaaniwa," akasema mzee mmoja. Kijana aliyekaa pembeni, ambaye daftari zake zimejaa fisi waliovaa kanzu na kofia, aliweka kikombe chini akaondoka bila kuaga. Tangu hapo kicheko kile kinanikera.

Watu hao hujiita furi. Mkutano wao wa kwanza ulifanyika California mwaka 1989, na ule wa Pittsburgh uitwao Anthrocon ulikusanya watu zaidi ya 17,000 mwaka 2024. Kila mmoja hujibunia mnyama wake, akampa jina, rangi na tabia. Wengi wao hawana hata hilo vazi, maana vazi kamili hugharimu maelfu ya dola. Wanachora na kutungiana hadithi tu. Wapo walionaswa utotoni na The Lion King, filamu ya mwaka 1994 iliyowapa simba, nyani na ngiri wake majina ya Kiswahili.

Najua nitajibiwa: "Sisi hatuna upuuzi huo." Hatuna? Klabu ya soka iliyokuwa ikiitwa Sunderland ilichukua jina la Simba mwaka 1971, na leo mashabiki wake huiita Mnyama kwa fahari. Siku ya mechi kubwa mtu mzima mwenye mke na watoto hujichora masharubu, akajivika manyoya ya simba kichwani, akaenda Uwanja wa Mkapa akinguruma, nasi tukampigia honi. Wamakonde wana mapiko, ngoma ya vinyago, na aliye ndani ya kinyago hatajwi jina. Usukumani, wachezaji ngoma waitwao Bayeye hucheza na chatu mbele za watu.

Mwingine atasema kwamba kwetu mnyama si wa kuchezewa. Hoja hii naiheshimu. Kati ya 2002 na 2004 simba mmoja, ambaye watu walimwita Osama, aliua watu wasiopungua 35 katika vijiji vya Rufiji. Anayelala kwenye dungu akilinda mpunga wake dhidi ya nguruwe pori hahitaji kufundishwa na mtu maana ya kishindo cha usiku. Lakini mababu walioishi na simba hao hao ndio waliotuachia hadithi za sungura anayemfanya simba mjinga. Walimvisha mnyama akili na ulimi wa binadamu, watoto wakacheka, woga ukapungua.

"Basi ngoma zetu zina mafunzo, hao wanacheza tu." Nani kasema kucheza hakuna kazi? Mtu mwenye haya, aliyezomewa shuleni, akijificha nyuma ya sura ya mbweha hupata ujasiri wa kumsalimia mgeni, na mgeni naye akamwitikia. Mchezaji wa mapiko analijua hilo: uso ukifunikwa, mwili huthubutu.

Sisemi kila kinachotoka Marekani kipokelewe. Nauliza tu: kijana wa Mtunda asiyejua mpira na asiye na sauti ya kuimba, kijijini ana nafasi gani ya kuonekana? Ngoma zilizokuwa zikimpa nafasi hiyo tumeziacha zikanyamaza, spika za singeli zikachukua uwanja. Akiwapata wenzake kwenye simu, tunamwita aliyelaaniwa.

Anayeshangilia uso uliopakwa rangi nyekundu siku ya mechi hana haki ya kumzomea aliyejichagulia mbweha. Furi hawajamwibia mtu wala kumdhuru jirani. Waacheni, na wenye vipaji vya kuchora wanunulieni karatasi na rangi.